RAM Kujaa Sio Ugonjwa: Keneli Inaamuaje Nini Kitoke na Nini Kibaki

Pita Makoroboi hapa Mwanza siku yoyote ya kazi, simama karibu na meza za mafundi simu, haipiti muda utasikia "RAM imejaa hii, inabidi isafishwe". Inaingizwa apu ya kusafisha, kimduara kinazunguka, inaandika imeachia kiasi fulani, mteja anatoa hela yake anaondoka ameridhika, na kesho yake simu ile ile imejaa tena. Ukienda Malimbe kwa wanachuo wa SAUT wenye laptopu za used walizowekewa Linux baada ya Windows kuwalemea, swali ni lile lile kwa sura nyingine: mashine ina GB 4, nimefungua brauza tu na faili moja la assignment, mbona iliyobaki wazi ni MB 200, nani anakula RAM yangu?

Jibu fupi ni kwamba hakuna anayeiiba, na RAM ikijaa sio ugonjwa. Ugonjwa unakuwepo pale mfumo unapohitaji nafasi halafu ukachagua vibaya kitu cha kutoa, au ukatumia nguvu nyingi mno kuchagua. Hicho kitendo cha kuchagua ndicho wataalamu wa keneli wamehangaika nacho kwa miaka mingi, na kwenye miaka hii ya karibuni kimebadilika sana, na ndio maana nimeona tukae nacho kidogo, maana watu wanalipia huduma ambayo haiwasaidii na mara nyingi inawaumiza.

Tuanze na maneno. RAM ni sehemu ya kompyuta au simu ambapo kazi inafanyika sasa hivi, ina kasi lakini ukizima umeme kila kitu kinafutika. Diski, au ile storage ya simu, ndipo vitu vinapokaa siku zote, ila ni ya polepole: diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuwa polepole kuliko RAM kama mara laki moja, na hata SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, ni kama mara elfu hivi. Keneli ni ile programu ya ndani kabisa ya mfumo inayogawa RAM, prosesa na vifaa kwa programu nyingine zote. Linux ni keneli, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na Android yote imekaa juu yake, kwahiyo tukiongelea keneli ya Linux tunaongelea pia simu nyingi tu zilizoko mifukoni mwa watu hapa Mwanza. Keneli inaikata RAM vipande vidogo vinavyoitwa kurasa, mara nyingi kila ukurasa ni KB 4. Na kache ni nakala ya kitu cha kwenye diski iliyowekwa kwenye RAM ili kikihitajika tena kisifuatwe mbali.

Sasa chukua stationery pale karibu na kivuko cha Kamanga, yule dada anayehudumia ndio keneli, meza yake ndio RAM, kabati la mafaili nyuma yake ndio diski, na wateja ndio programu. Mteja akitaka faili lake dada anainuka, anatafuta kabatini, anatoa nakala anaiweka mezani. Mteja akimaliza, je dada airudishe pale pale? Ya nini sasa, kama meza bado ina nafasi aiache tu, maana yule mteja anaweza kurudi baada ya dakika mbili. Saa tano asubuhi meza imejaa makaratasi, na mtu anayepita nje anasema huyu dada kazidiwa, wakati ukweli ni kwamba anahudumia haraka kuliko angekuwa anaifuta meza kila mteja anapoondoka.

Hicho ndicho Linux inachofanya na RAM yako. Ukiandika free -h kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia amri, utaona safu ya "free" ambayo kawaida ni ndogo, na safu ya "buff/cache" ambayo ni kubwa, na mwisho kabisa kuna "available". Ya kuangalia ni hiyo ya mwisho. Ndiyo makadirio ya keneli yenyewe kwamba programu mpya ikija inaweza kupewa kiasi gani bila mashine kuanza kuteseka, na iliongezwa kwenye keneli toleo la 3.14 mwaka 2014 kwa sababu watu dunia nzima walikuwa wanachanganyikiwa na ile "free", sio sisi peke yetu. Kwahiyo yule wa GB 4 na MB 200 akiangalia available akakuta GB 2 na kitu, alale tu, mashine yake iko vizuri.

Ila sio kila karatasi iliyoko mezani ni sawa, na hapa ndipo mambo yanaanza kuwa matamu. Kuna nakala ambayo hakuna aliyeiandika chochote, ya kwenye kabati ipo vile vile, hiyo dada anaweza kuitupa muda wowote bila hasara, na hizo ndizo kurasa safi. Kuna nakala ambayo mteja ameifanyia marekebisho na kabatini bado iko ya zamani, hiyo huwezi kuitupa mpaka kwanza marekebisho yaandikwe kabatini, na hizo tunaziita kurasa chafu. Na kuna karatasi ambazo mteja ameandika hapo hapo mezani hesabu zake, hazina nakala kabatini kabisa, ukizitupa umempotezea kazi. Za aina hiyo ya tatu ndizo RAM ambayo programu imejiombea yenyewe, mfano ile posti uliyoanza kuiandika kwenye brauza hujaituma. Keneli ikitaka kuzitoa lazima izihifadhi mahali, na mahali hapo, mara nyingi kwenye diski, ndio panaitwa swapu.

Kurasa chafu zinaeleza pia kitu kimoja kinacholiza watu kila siku. Umenakili faili kwenye fleshi, mashine imesema tayari, umechomoa, unafika nyumbani Nyakato faili halifunguki. Kwenye Linux kwa kawaida data iliyobadilishwa inaweza kukaa kwenye RAM kama sekunde 30 kabla haijasukumwa kwenda kwenye kifaa, na faili likiwa kubwa kuandika kwenyewe kunachukua muda zaidi. Bonyeza "eject" usubiri ikuruhusu, tafadhali, hasa kama ni risachi ya mtu.

Basi meza imejaa kweli na mteja mpya amesimama. Keneli ina msaidizi wa nyuma anaitwa kswapd, yeye analala mpaka nafasi iliyo wazi ishuke chini ya kiwango fulani, hapo anaamka anaanza kukomboa kurasa mpaka nafasi ifike kiwango cha juu zaidi, halafu analala tena. Huyu akiwahi, wewe mtumiaji huhisi kitu. Shida inakuja wateja wakifurika kuliko kasi ya msaidizi, nafasi ikishuka mpaka kiwango cha chini kabisa, hapo mteja mwenyewe anaambiwa "kabla sijakupa nafasi, saidia kuondoa makaratasi". Yaani ile programu uliyoibonyeza inasimamishwa kazi yake inaanza kukomboa kumbukumbu kwanza. Ile sekunde mbili tatu simu inaganda ukifungua kamera wakati WhatsApp na vingine viko wazi, mara nyingi sababu ni hii hapa.

Swali kubwa sasa ni atoe karatasi gani. Kanuni inayoeleweka na kila mtu ni kutoa ile ambayo haijaguswa muda mrefu zaidi, kwa matumaini kwamba isiyoguswa muda mrefu haitaguswa karibuni. Kwenye maandishi inasikika rahisi. Ila kompyuta ya GB 8 ina kurasa milioni mbili za KB 4, na zinaguswa mamilioni ya mara kila sekunde, huwezi kuandika saa ya kila mguso, ukijaribu mashine haitafanya kazi nyingine zaidi ya kuandika saa. Kwahiyo prosesa inafanya kitu kidogo tu: ukurasa ukiguswa inauwekea alama ya tiki. Haisemi umeguswa lini wala mara ngapi, tiki tu. Keneli inapita, inasoma tiki, inaifuta, ikirudi baadaye ikikuta imewekwa tena inajua ukurasa huu bado una mtu.

Kwa miaka mingi Linux ilitumia rundo mbili, moja la kurasa zinazotumika na jingine la zisizotumika, na kuanzia toleo la 2.6.28 la mwaka 2008 kila moja likagawanywa tena, kurasa za mafaili peke yake na zile zisizo na nakala peke yake. Ukurasa wa faili ukisomwa mara ya kwanza unaingia kwenye rundo la zisizotumika, ukiguswa tena ndipo unapandishwa. Hii ilikuwa na maana nzuri: ukinakili movie ya GB 3 kutoka fleshi, kurasa zake zote zinasomwa mara moja tu na haitakiwi zifukuze vitu unavyotumia kila saa.

Lakini ule mfumo ulikuwa na gharama mbili. Ya kwanza ni ya kuangalia tiki. Tiki haikai kwenye karatasi yenyewe, iko kwenye daftari la mteja, maana kila programu ina daftari lake linaloonyesha kurasa zake ziko wapi mezani. Dada akichukua karatasi moja kutoka kwenye rundo inabidi ajue iko kwenye madaftari ya nani na nani, afungue kila daftari kwenye mstari ule mmoja, aangalie tiki, afunge, achukue karatasi inayofuata, aanze upya. Kurasa zikiwa milioni mbili, na nyingine zinatumiwa na programu kumi kwa pamoja, prosesa inachoka kwa kufungua madaftari tu, na kwenye simu kuchoka kwa prosesa ni chaji inayoisha na simu inayopata moto. Gharama ya pili ni kwamba rundo mbili ni picha hafifu mno, ukurasa uko ndani au nje basi, na ukilinganisha ukurasa wa faili na ukurasa wa programu huna njia ya maana ya kujua upi ni mzee zaidi. Matokeo yake keneli inatoa kitu, sekunde moja baadaye kinaitwa tena, inakifuata diskini, inatoa kingine, nacho kinaitwa.

Hatua ya kwanza ya kurekebisha hilo ilikuwa kuipa keneli kumbukumbu ya makosa yake. Toleo la 3.15 la mwaka 2014 lilileta kazi ya Johannes Weiner ambapo ukurasa wa faili ukitolewa, keneli inaacha kialama kidogo mahali pake. Ukurasa ukirudi, inapiga hesabu: tangu uondoke, vimetoka vingine vingapi? Kama ni vichache, maana yake tulikosea kuutoa, ulikuwa bado unahitajika, basi unapandishwa moja kwa moja. Mwaka 2020 kwenye toleo la 5.8 akatumia wazo hilo hilo kupima mizani kati ya kutupa kache na kupeleka kwenye swapu, upande unaorudisha maumivu mengi unapunguziwa kubanwa.

Halafu likaja lile kubwa, linaitwa MGLRU (Multi-Gen LRU, na LRU ni ile kanuni ya kutoa isiyoguswa muda mrefu zaidi), kazi ya Yu Zhao wa Google, likaingia kwenye toleo la 6.1 mwezi Desemba 2022. Badala ya rundo mbili kuna vizazi, mpaka vinne. Na badala ya kuchukua karatasi moja moja na kutafuta iko kwenye madaftari gani, dada anafungua daftari la mteja anashuka nalo mstari kwa mstari. Uzuri wake ni kwamba vitu vinavyotumika pamoja huwa vimeandikwa karibu karibu, ukikuta tiki mstari wa 40 kuna uwezekano mkubwa 41 na 42 nazo zina tiki, kwahiyo kwa safari moja umejua habari za kurasa nyingi. Na mteja ambaye hajafika dukani tangu mzunguko uliopita daftari lake hulifungui kabisa. Zilizokutwa na tiki zinahamia kizazi kipya, zisizo na tiki zinazeeka bila mtu kuzigusa, na ikihitajika nafasi inatolewa kwenye kizazi kizee.

Yu Zhao alipoipeleka kwa wenzake aliambatanisha matokeo ya Google kutoka kwenye vifaa vya watumiaji halisi, ChromeOS (mfumo wa laptopu za Chromebook) makumi ya mamilioni na Android kama milioni moja: kazi ya prosesa ya kswapd ilipungua kwa asilimia 40, programu kuuawa kwa sababu ya RAM kuisha kulipungua kwa asilimia 85 kwa wale wanaobanwa zaidi, na muda wa kufungua apu ukapungua kwa asilimia 18 kwa mtumiaji wa katikati. Kifaa ni kile kile na RAM ni ile ile, kilichobadilika ni namna ya kuchagua tu. Mimi hizi namba zinanigusa kwa sababu wanaofaidika zaidi ni wenye vifaa vidogo, na huku kwetu vifaa vidogo ndivyo tulivyonavyo.

Turudi sasa kwa apu za kusafisha RAM. Android tayari ina programu yake inaitwa lmkd ambayo kazi yake ni kuua apu zilizolala pale RAM inapobana, kwa mpangilio, inaanza na ambazo hazina umuhimu kwako kwa muda huo. Na tangu Android 10 haiangalii tu RAM iliyobaki ni kiasi gani, inapima muda ambao programu zinapoteza zikisubiri kumbukumbu, kipimo kilichoingia kwenye keneli toleo la 4.20 mwaka 2018. Hicho ni kipimo cha maana, kinauliza kuna mtu anaumia? na sio meza imejaa? Apu ya kusafisha yenyewe haijui hayo, inaua tu. Nyingine kati ya zilizouawa zinajiwasha zenyewe baada ya muda mfupi, na ile uliyokuwa unaitumia ukiirudia inaanza kusomwa upya kutoka storage, polepole na kwa chaji zaidi. Kwenye kompyuta kuna ndugu yake, ile amri ya drop_caches ambayo utakuta ofisi fulani imeipanga ijiendeshe kila saa kwenye seva "ili iwe nyepesi". Amri hiyo inatupa kurasa safi, zile zile ambazo keneli ingezitoa yenyewe bure ikihitaji, na saa nzima inayofuata seva inazirudisha moja moja kutoka diskini. Ina kazi yake kwa watu wanaopima kasi ya diski na wanataka kuanza bila kache, lakini kwa seva ya kazi iondoeni.

Lingine ni hili la "RAM 8GB (4+4)" linaloandikwa kwenye maboksi ya simu. Nne za kwanza ni RAM. Nne za pili ni kipande cha storage kinachotumika kama swapu. Sio utapeli moja kwa moja, inaweza kusaidia apu iliyolala isiuawe, ila usiilipie kama RAM maana kasi yake ni ya storage, na storage za simu zinachakaa kwa kuandikwa andikwa. Ndiyo maana simu nyingi za Android zinaanza na njia nyingine, zram, ambapo kurasa zinazotakiwa kwenda swapu zinabanwa zinakuwa ndogo na kubaki humo humo kwenye RAM, dada anakunja makaratasi ya hesabu anayapanga pembeni ya meza, hajayatoa ila yanachukua nafasi ndogo.

Na kuna wale wanaosema zima swapu kabisa, ndiyo inayoleta uzito. Hapa naomba usome taratibu. Programu yenyewe, yaani maelekezo yake ambayo prosesa inayafuata, nayo ni faili kwenye diski, kwahiyo ikiwa kwenye RAM inahesabika kama kurasa safi. Ukizima swapu, zile karatasi zisizo na nakala haziwezi kutoka kabisa, keneli inabaki na mafaili tu ya kutupa, na ikibanwa sana inaanza kutupa maelekezo ya programu ambazo zinaendeshwa muda huo huo. Brauza inaenda hatua moja, hatua inayofuata imetupwa, inafuatwa diskini, na ili ikae inatupwa ya programu nyingine. Mshale wa mausi unaganda, taa ya diski haizimi, na swapu uliishazima. Kwenye laptopu ya GB 4 zram ni msaada zaidi kuliko kuzima.

Kama una laptopu ya Linux na unataka kujua kama hii njia mpya ya MGLRU inafanya kazi kwako, soma faili /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled, ukikuta 0x0007 imewashwa yote, ukikuta 0x0000 andika y humo ukiwa rut (root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote), na kama faili lenyewe halipo basi keneli yako ni ya zamani au imejengwa bila hiyo. Pembeni yake kuna jingine linaitwa min_ttl_ms, lenyewe mara nyingi liko 0. Ukiweka 1000 unaiambia keneli kwamba chochote kilichotumika ndani ya sekunde moja iliyopita kisitolewe, hata iweje, na ikishindikana kabisa iue programu moja kuliko kuiacha mashine nzima igande. Kabla hujaiweka jiulize unafanya kazi gani, kwa sababu programu itakayouawa inaweza kuwa ndiyo yenye kazi ambayo hujaihifadhi, na kwa mtu anayeandika risachi usiku bila kuseva, mashine inayoganda dakika tano halafu ikaamka inaweza kuwa nafuu kwake.